Siku Moja ya Utalii Mjini Unguja

Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikivuka kutoka Pemba kwenda Unguja, na kila mara nimevuka kwa shughuli: cheti, hospitali, harusi au msiba. Mwezi uliopita shughuli yangu ilimalizika siku moja kabla ya meli ya kurudi, nikaamua kuutembea Mji Mkongwe kama wanavyoutembea wageni, yaani kwa miguu, bila haraka, macho yakiwa juu kwenye roshani na milango ya nakshi. Kumbe kutazama juu kunatosha kumfanya mtu mgeni. Sijafika mbali kutoka Darajani, papasi mmoja, yaani kijana anayewaandama watalii ili awatembeze, akanijia na "Jambo, rafiki!", maamkizi ambayo sisi wenyewe kwa wenyewe hatuamkiani. Nilipomwuliza kama nyumbani kwao wazima, alicheka, akanipa shikamoo yangu, akaenda kutafuta riziki kwingine.

Sokoni Darajani, katika jengo la mwaka 1904, sikukawia, kwa kuwa mnada wa samaki nimeuzoea kwetu. Mkunazini ndiko nilikokaa muda mrefu. Soko la watumwa lililokuwapo hapo lilifungwa mwaka 1873, baada ya Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, kutia saini mkataba na Waingereza, na mwaka huohuo ukaanza ujenzi wa kanisa la Anglikana uliosimamiwa na Edward Steere, ambaye pia alituandikia sarufi ya Kiswahili. Nje ya kanisa pana shimo lenye sanamu za watu watano waliofungwa minyororo shingoni. Kijana mmoja alisimama ukingoni, akachanua tabasamu ili apigwe picha. Mtembezaji wake hakusema neno, aliishusha simu taratibu, akangoja mpaka lile tabasamu likaisha. Nadhani hilo lilikuwa somo bora kuliko maelezo yote aliyokuwa akiyatoa.

Kutoka hapo nilikwenda Mchangani kununua kanga, kazi ambayo mke wangu hunikabidhi kwa wasiwasi. Mwanamme huangalia rangi. Mwanamke husoma jina kwanza. Muuzaji alinitandikia doti ya samawati, pindo lake limetulia, mji wake una maua ya korosho, nami nilikuwa nimeshatia mkono mfukoni nilipoliona jina: HASIDI HANA SABABU. Kwa mawazo niliiona kanga ile ikiwa imeanikwa uani kwetu, imeelekea kwa jirani ambaye mke wangu ameanza kusemezana naye juzijuzi tu, nikairudisha haraka. Nilichukua yenye WEMA HAUOZI, ambayo rangi yake, kusema kweli, ni ya maboga yaliyopitiliza. Bei ilianza shilingi 25,000 ikaishia 16,000, na katikati tulijuliana hali za watoto.

Mtaa wa Gizenga bei haina mazungumzo ya aina hiyo, kwani huanzia mbinguni. Huko niliuziwa, au tuseme nilitaka kuuziwa, kikapu cha ukili chenye vipakiti vya mdalasini, iliki, pilipili manga na karafuu. Muuzaji alikuwa kijana mwenye adabu, akaanza kunieleza karafuu huchumwa vipi. Nilimwacha aendelee mpaka alipofika kwenye kuanika, nikamsahihisha kidogo.

"Ami, kwani wewe watokea wapi?"

"Wete."

Alishika kichwa. Mwaka 1872 kimbunga kiliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, ya Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo sisi ndio wenye karafuu; mimi mwenyewe nimekua juu ya matawi hayo. Kijana alikitoa kile kipakiti cha karafuu, akapunguza bei kwa kiasi chake, nami nikakinunua kikapu kwa heshima ya kitendo hicho.

Jioni nilikaa Forodhani na bakuli la urojo, mkabala na Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, alilolijenga Barghash mwaka 1883 na ambalo sehemu yake iliporomoka Disemba 2020. Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba haliwezi kuanguka, kwa sababu ya jina lake. Nililitazama mpaka giza likaingia, kisha nikachukua kikapu changu kuelekea Malindi kungoja meli.

Nilipofika nyumbani mke wangu aliikunjua kanga, akalisoma jina, akaridhika. Kisha akaitazama rangi.

"Ndiyo pekee iliyobakia?" aliuliza.