Wimbo wa meli iliyozama

Jana usiku niliurudia wimbo wa Gordon Lightfoot, mwimbaji wa Orillia, Ontario, nchini Kanada, unaosimulia kuzama kwa meli ya Edmund Fitzgerald katika Ziwa Superior tarehe 10 Novemba 1975, ambapo mabaharia wote 29 walipoteza maisha. Wimbo huo ulitoka mwaka 1976. Hauna kiitikio: beti zinafuatana kwa mwendo uleule kwa muda wa zaidi ya dakika sita, kama utenzi, na gitaa linakuja na kurudi mithili ya wimbi. Panaponigusa zaidi ni pale mpishi anapowaambia wenzake kwamba ziwa limechafuka mno hata hawezi kuwapikia, kisha, baadaye, anawaaga. Lightfoot alipofariki Mei 2023, kanisa la mabaharia mjini Detroit liligonga kengele mara 30, yaani mara 29 kwa ajili ya wale wa melini na moja kwa ajili yake.

Nawaombeni pia mtazame video za K'naan, mzaliwa wa Mogadishu aliyehamia Kanada, ambaye wimbo wake "Wavin' Flag" (bendera inayopepea) ulivuma sana wakati wa Kombe la Dunia la 2010 nchini Afrika Kusini. Huo nauimba mpaka leo.