Nilivyogeuka mkalimani Karonga

Fomu ya ripoti ya safari yetu ya injili tulipewa kabla hata ya kujua tarehe ya kuondoka. Ilikuwa karatasi moja yenye safu nne: nyumba zilizotembelewa, watu waliohubiriwa, waliookoka, vitabu vilivyogawiwa. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa katibu wa vijana, fomu ilikaa kwangu. Niliikunja, nikaichomeka ndani ya Biblia, na nikaenda nayo Malawi roho ikinidunda kama mwanafunzi aliyesikia matokeo yametoka.

Tulikuwa vijana kumi na watatu, Mwalimu wetu wa vijana, na dereva. Siku nane, wilaya ya Karonga, kaskazini kabisa mwa Malawi, kwa mwaliko wa kanisa la huko. Maandalizi sitayasimulia sana. Aliyewahi kuvusha vijana mpaka anayajua: michango inayotimia wiki ya mwisho, barua za ridhaa za wazazi, na yule mmoja ambaye jina la kwenye cheti cha kuzaliwa halifanani na la kwenye kitambulisho. Kwetu alikuwa mpiga kinanda, na alibaki. Kama kuna ushauri mmoja ninaoweza kuutoa, ni huu: shughulikieni hati za kusafiria kabla ya sare. Sisi tulianza na sare.

Tulivuka mpaka pale Kasumulu jioni. Kabla ya kufika daraja la mto Songwe, Mwalimu alipitisha mfuko wa kitenge akakusanya simu zote. Alisema tumekwenda kuhudumu, si kupiga picha. Tulinuna, na mengi ya yaliyofuata yalianzia kwenye ule mfuko.

Malawi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Simu zingejirekebisha zenyewe, ila simu zilikuwa kitengeni, tukawa tunaifuata saa ya mkononi ya Mwalimu. Jumapili tulijipanga kanisani na sare zetu, tumenyooka kama askari wa gwaride, saa mbili kasoro robo. Hapakuwa na mtu ila akina mama watano wanafagia. Kwa saa zao ilikuwa saa moja kasoro robo. Tungefanyaje? Tukaomba mafagio.

Mama mmoja mzee alinipa fagio lake, akanitazama usoni, akasema, "Mugonile."

Nikajibu, "Ndaga," kabla sijafikiri.

Hapo inabidi nieleze. Bibi yangu mzaa mama ni Mnyakyusa. Likizo nyingi za utotoni nilizipitisha kwake, na alinisemesha lugha yake asubuhi mpaka usiku. Nilimwelewa neno kwa neno na kumjibu kwa Kiswahili. Kwenye shule niliyosoma, lugha ya kikabila ilikuwa kitu cha kuchekwa, nami sikutaka kuchekwa. Kufika ukubwani, nikimpigia simu ilikuwa shikamoo, hali yako, nimetuma hela umeipata, basi. Na sikuwahi kuwaza kwamba Wangonde wa Karonga na Wanyakyusa ni watu walewale, na lugha zao zimepishana kidogo tu. Mpaka wa Songwe waliuchora Wajerumani na Waingereza katika mkataba wao wa 1890. Wao walipata mstari wa kuchora kwenye ramani, na huku ndugu wakajikuta kila mmoja na bendera yake.

Yule mama aliposikia "ndaga" akaita wenzake. Nikazungukwa na kuulizwa mimi wa ukoo gani. Nilijibu nusu kwa maneno, nusu kwa mikono, nikitokwa na jasho. Mwalimu alikuwa pembeni anatazama. Mkalimani tuliyeahidiwa alikuwa ameugua tangu Ijumaa. Sikuulizwa kama naweza, niliambiwa tu kwamba ibada ikianza nitasimama kulia kwake.

Ibada ile sipendi kuikumbuka. Karonga wapo wanaokielewa Kiswahili, na walinicheka kwa upendo pale nilipokwama. Mwalimu akisema sentensi tano, mimi natoa mbili. Watoto wa kwaya waliziba midomo. Lakini wazee wa mbele walikuwa wananisaidia: nikikosa neno, mmoja ananirushia, nami nalidaka na kuendelea. Tulipotoka nje nilikuwa nimelowa mgongo mzima.

Jumatatu ndipo fomu ilipoanza kuuma. Mpango ulikuwa nyumba kumi kwa siku kwa kila kikundi. Kikundi chetu, yaani Mwalimu, mimi na wasichana wawili, kilimaliza siku na nyumba tatu. Kuna nyumba hasa moja, ya bibi mjane, ukuta wake una ufa kutoka dirishani hadi chini, mpana wa kuingiza vidole. Alisema ni matetemeko ya Desemba 2009, yaliyoangusha nyumba nyingi za Karonga. Alikuwa ameuziba kwa udongo mara kadhaa, na kila mara unafunguka palepale. Alituketisha kwenye mkeka, yeye mwenyewe akakaa mlangoni penye mwanga, anapukuchua mahindi kwenye ungo.

Mwalimu alianza somo lake la neema. Neno neema likanishinda. Nikamwambia yule bibi kwa lugha yangu ya kuokoteza: kuna kitu unapewa, hukukilipia, tena ulikuwa na makosa, mnakiitaje? Aliacha kupukuchua, akafikiri, akanipa neno. Nililijua! Bibi yangu alikuwa akilitumia kila aliponikuta nimevunja chungu na kuamua kutonichapa. Nilishindwa kutafsiri kwa dakika nzima, na Mwalimu akadhani nimesahau alichosema.

Somo halikuisha. Yule bibi alitaka kujua kila mmoja wetu mama yake anaitwa nani, ili atuombee kupitia kwao. Tukataja. Zamu yangu ilipofika nilitaja mama, halafu nikataja bibi. Akaniuliza yuko wapi. Nikamwambia anaishi mjini kwa mjomba, mbali na kwao, tangu babu alipofariki. Akainua uso.

"Huko aliko, lugha hii anaongea na nani?"

Mwalimu alinigusa bega akitaka tafsiri. Nilimwambia anauliza habari za nyumbani.

Usiku wa siku ile niliandika kwenye rasimu ya fomu: nyumba tatu, watu kumi na mmoja, waliookoka hakuna. Mwalimu alilisoma lile "hakuna" kwa muda mrefu. Tusimlaumu. Kamati iliyotoa fedha ilikuwa inamsubiri yeye, si mimi.

Jumatano wenyeji walitupeleka Livingstonia. Barabara inafuata ziwa kuelekea kusini. (Humo garini kulizuka ubishi kama ni Ziwa Nyasa au Ziwa Malawi. Mwinjilisti aliyetusindikiza alisema samaki hawajawahi kuuliza.) Pale Chitimba unaliacha ziwa na kupanda mlima kwa kona kali mfululizo, dereva wetu akisali kwa sauti kuliko wote. Juu kuna kituo cha misheni kilichojengwa na Daktari Robert Laws wa Kanisa Huru la Uskoti kuanzia 1894, na nyumba yake ya mawe sasa ni makumbusho.

Mwinjilisti alitukalisha chini ya mti akatusimulia. Misheni ilianzia Cape Maclear, kusini mwa ziwa, 1875. Malaria iliwaua wamisionari mmoja baada ya mwingine. Muumini wa kwanza, Albert Namalambe, alibatizwa 1881. Miaka zaidi ya mitano, mtu mmoja! Kisha misheni ikahamia Bandawe, na Namalambe akabaki Cape Maclear akiendelea kufundisha. Akatusimulia pia habari za William Koyi, Mxhosa kutoka Afrika Kusini aliyefika 1876. Lugha yake ilikuwa ndugu na ile ya Wangoni, akaenda kuishi kwao milimani, na huko akafia 1886. Mimi maisha yangu yote neno mmisionari lilinijia na ndevu nyeupe na kofia ya jua. Kumbe kulikuwa na Mwafrika ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kukaa na watu anaoelewana nao.

Mwalimu hakusema kitu mpaka tunarudi. Tulipofika tambarare akageuka nyuma akaniambia, "Katibu, kesho tunarudi kwa yule bibi. Fomu iache kwenye begi."

Tulirudi Alhamisi, na Ijumaa pia. Vijana wetu wa kiume walikanda udongo wakaziba ule ufa upya, na bibi akawaambia kwa kicheko kwamba mwaka ujao waje tena, utakuwa umefunguka. Mimi nilikaa naye mlangoni napukuchua. Alinisahihisha kila sentensi, bila huruma hata kidogo.

Fomu niliijaza tukiwa kwenye foleni ya mpakani. Vitabu vilivyogawiwa: hamsini na mbili. Waliookoka: wawili, wote kutoka kikundi kingine. Kamati ilituuliza maswali magumu, na Mwalimu aliyajibu peke yake, amesimama.

Simu zetu tulirudishiwa upande wa pili wa daraja. Wenzangu walianza kupigana picha za kuchelewa. Mimi nilisogea kando ya lori lililoegeshwa, nikapiga namba ya bibi. Akapokea kama kawaida yake, anapaza sauti kana kwamba mimi niko ng'ambo ya bonde. Sikusema shikamoo. Nikasema, "Mugonile."

Kimya. Nikasikia anamwambia mtu apunguze redio. Kisha akauliza, kwa lugha yake, mimi ni mtoto wa nani.