Fuji kwa mtu aliyezoea Kilimanjaro

Kilele cha Fuji, mlima wa Japani, kiko mita 3,776. Kwa mtu wa Moshi hapo ni juu kidogo tu ya kambi ya Horombo ya Kilimanjaro, na ndiyo maana wengi wanaudharau: wanapanda basi kutoka Shinjuku, Tokyo, hadi kituo cha 5 cha njia ya Yoshida, mojawapo ya njia za kupandia (mita 2,305), usiku wanapanda mbio, alfajiri wanatapika. Pole pole ya kwetu inahitajika huko pia.

Lakini hasara kubwa zaidi ni kuikosa historia. Kilimanjaro iliingia orodha ya UNESCO mwaka 1987 kama urithi wa asili. Fuji iliingia 2013 kama urithi wa utamaduni, kwa sababu watu wameupanda karne nyingi kwa ibada. Kwa hiyo anzia chini. Shuka stesheni ya Fujisan, tembea kama nusu saa hadi hekalu la Kitaguchi Hongu Fuji Sengen, katikati ya mierezi mikubwa. Njia ya kale inaanzia nyuma yake.

Kabla ya kusali, nawa kwenye birika la mawe. Chota maji kata moja tu. Maji hayo yatoshe yote. Shika kata kwa mkono wa kulia, nawa wa kushoto. Hamisha, nawa wa kulia. Irudishe kulia, mimina kidogo kiganjani mwa kushoto, sukutua kinywa bila kugusa kata kwa midomo, nawa tena kushoto. Mwisho simamisha kata wima ili yaliyobaki yateremke yaoshe mpini. Maji uliyonawia yasirudi birikani. Mbele ya hekalu: inama mara 2, piga makofi mara 2, inama mara 1.

Msimu ni Julai hadi mapema Septemba. Tangu 2025 ada ya kupanda ni yen 4,000, na asiyeweka nafasi ya kulala kwenye kibanda cha mlimani hapiti lango la Yoshida kuanzia saa 8 mchana hadi saa 9 usiku. Beba sarafu za yen 100 za choo. Nunua fimbo ya mbao yenye pembe 8; vibandani wanaichoma mihuri kwa chuma cha moto, kwa malipo. Hakuna kumbukumbu nzuri kuliko hiyo.

Wakati wa kushuka, kuwa macho kituo cha 8, njia zinapogawanyika. Vibao vya Yoshida ni vya njano. Ukifuata vyekundu unatokea Subashiri, mwisho wa njia nyingine, mkoa mwingine kabisa, na basi lako liko upande mwingine wa mlima.