Kengele ya reli

Jumapili, Mtwara mjini. Nimerudi jana jioni kutoka Nachingwea, vumbi bado limo masikioni.

Shuleni kwetu hatukuwa na kengele, tulikuwa na chuma. Kilining'inia kwa waya kwenye mwembe, nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, na zamu yako ikifika unakigonga kwa nondo. Sauti ilifika mpaka kisimani, kwa hiyo ukichelewa huna la kusingizia. Miaka saba chuma kile kiliniita asubuhi na kuniruhusu mchana, na sikuwahi kujiuliza kimetoka wapi. Juzi nimepita pale, bado kipo. Juu kimeota kutu, lakini chini panapogongwa pameng'aa kama sarafu mpya, na pamebonyea, kidole gumba kinakaa. Nikainama kukitazama kwa ubavuni: kichwa kinene, shingo nyembamba, mguu mpana. Kumbe reli.

Kwetu kulikuwa na treni. Nikisema hivyo hapa Mtwara vijana wananibishia, wanadhani nazungumzia ile reli ya kwenda Mbamba Bay ambayo kila uchaguzi tunaahidiwa.

Ilianza na karanga. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia, wakabuni mradi wa kulima karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Huku kusini hakukuwa na njia ya kuzitolea, ndipo wakajenga reli. Mwaka 1949 ilikuwa imefika Nachingwea kutoka Mkwaya, gati dogo ndani ya hori la Lindi. Baadaye ikaunganishwa na Mtwara, ambako bandari ya kina kirefu ilifunguliwa 1954. Hebu tazama tarehe hizo vizuri, maana mradi wenyewe wa karanga walishautupa Januari 1951. Bandari na reli zimekamilika, karanga hakuna! Bado wakaipeleka mpaka upande wa Masasi mwaka 1958, na 1962, Uhuru haujatimiza hata miaka miwili, ikafungwa. Vyuma vikang'olewa. Kimoja kikaishia mwembeni kwetu.

Wanasema ilikuwa inakula hasara, na mimi sibishi. Treni haiendeshwi kwa huruma. Kinachoniuma ni kwamba msimu wa 1973/74 nchi hii ilivuna korosho zaidi ya tani 140,000, na sehemu kubwa ilitoka huku huku. Reli ilikuja kabla ya mzigo, ikaondoka kabla ya mzigo. Msimu ukifunguka sasa, malori yanajipanga kuelekea bandarini, na lami inabonyea kama ugali. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara kule Somanga, ndipo tulipojua tuna uzi mmoja tu wa karibu wa kutufikisha Dar.

Dar wenyewe wana treni ya mjini tangu 2012, ile wanayoiita ya Mwakyembe, waziri wa uchukuzi wa wakati ule, inayotoka Stesheni kwenda Ubungo. Nimeipanda mara mbili nikiwa nimebanwa mlangoni kama dagaa. Njia yake inapita Mabibo. Nilicheka peke yangu: Mabibo ya Dar ina reli, na sisi tunaokanyaga mabibo yenyewe yakioza chini ya mikorosho hatuna.

Jioni ile ya juzi nilimuuliza bibi. Alikuwa ukumbini amenyoosha miguu, anamenya ming'oko, mizizi ya porini tunayochemsha huku kusini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Karibu, ule."

Nikamwambia habari ya chuma cha shule. Hakushtuka hata kidogo. Akasema alikuwa mtoto, labda wa miaka minane, na kazi yake ilikuwa kuuza ming'oko stesheni. Mama yake anaichemsha alfajiri, anaifunga mafungu, chumvi na pilipili pembeni kwenye jani. Garimoshi hawakulisikia kwa masikio, walilisikia kwa nyayo, ardhi inatetema kwanza. Hapo wanakimbia, kila mmoja na dirisha lake, na ole wako uingilie dirisha la mwenzio. Unapitisha fungu juu, senti zinashuka. Safari nyingine treni inaondoka hela hazijashuka, unakimbia nalo unalia.

"Lilipofungwa nani aliwaambia?"

"Atuambie nani, sisi watoto?" Akatema ganda. "Tulikaa tu tukingoja. Mama keshachemsha sufuria mbili. Jua likapanda, likashuka. Kesho yake tukaenda tena. Tulikula ming'oko ile siku tatu mpaka ikatutoka puani."

Wakubwa walijua, bila shaka. Mjomba wake alikuwa kibarua wa kubadilisha mataruma yanayolaliwa na reli, na baadaye, bibi anasema, kibarua wa kuyang'oa. Mshahara ule ule.

Nikatoa simu nikamwonyesha video niliyopiga kwenye treni ya umeme mwaka jana, Dar kwenda Dodoma. Akaishika mbali na macho, akaangalia mpaka mwisho, akataka irudiwe. Nikawa nimejiandaa kumweleza mwendo wake, na kwamba haina moshi.

"Madirisha yake yanafunguka?"

"Hayafunguki bibi. Ndani kuna kiyoyozi."

Akanirudishia simu, akachukua mng'oko mwingine.

"Sasa watoto wanapitishia wapi?"