Nilivyohamishia majimoto kwenye miembe yangu Kayenze

Mwenye miembe kando ya Ziwa Viktoria hahitaji kuelezwa habari za inzi wa matunda. Yule msumbufu zaidi, mwenye asili ya Asia, aligunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003, na tangu hapo embe linaweza kupendeza kwa nje, ukilipasua unakuta funza. Jike anatoboa ganda na kutaga ndani, na dawa ya kupuliza haina la kuwafanya funza waliokwisha kuingia. Mimi niliacha kupuliza. Miembe yangu hapa Kayenze inalindwa na majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani. Naandika nilivyofanya kwa sababu wengi huleta viota, baada ya miezi michache mti unabaki mtupu, halafu wanasema mbinu haifai. Inafaa, ila ujue kwanza unahamisha nini.

Koloni moja la majimoto, yaani familia moja, halikai kwenye kiota kimoja. Linaweza kuwa na viota makumi, vimesambaa kwenye miti kadhaa, na kwa kawaida malkia ni mmoja tu, amejificha katika kimojawapo. Vibarua wote unaowaona wakipandisha na kushuka ni mabinti. Kwa chungu, yai lililorutubishwa hutoa jike na lisilorutubishwa hutoa dume. Vibarua huweza kutaga, lakini hawajapandwa na dume, kwa hiyo mayai yao kwa kawaida hutoa madume, na madume hawalindi embe wala hawajengi. Ukikata kiota kinene ukakitundika shambani bila malkia, wiki za mwanzo utafurahi, kisha vibarua wanazeeka na kufa na hakuna wa kushika nafasi zao.

Kwa hiyo sikwenda kwenye mti uliojaa. Nilitafuta koloni changa, nikalipata kwenye mlimau mfupi karibu na mwalo, lenye viota vichache ambavyo vyote mkono ungevifikia. Ukibeba vyote, malkia naye umembeba, hata kama hukumwona.

Ila ilibidi nihakikishe kwamba viota vyote ni vya familia moja, maana kulikuwa na vingine kwenye mpera wa jirani. Kipimo chake ni rahisi na kinavutia kukitazama. Nilichukua vibarua wachache wa mpera kwa kijiti, nikawaweka kwenye tawi la mlimau. Mwenyeji wa kwanza alimgusa mgeni kwa papasi, zile nyuzi mbili za kichwani, akarudi nyuma, akainua tumbo na kufungua taya. Mara wakaja wengine, wakamkamata miguu, huyu anavuta huku, yule anavuta kule, wakamtandaza kama ngozi inayowambwa. Basi, hao ni koloni lingine. Nilipofanya vivyo hivyo kwa viota viwili vya mlimau wenyewe, waligusana papasi na kila mmoja akaendelea na safari yake.

Ukali huo una sababu. Mwaka 1964 mwanabiolojia wa Kiingereza W. D. Hamilton alieleza kwa hesabu jinsi tabia ya kujinyima uzazi inavyoweza kurithiwa: kibarua anapolea ndugu zake, vinasaba alivyo navyo vinaendelea kupitia wao. Baba wa chungu ametoka kwenye yai lisilorutubishwa, kwa hiyo huwapa mabinti zake wote urithi ule ule. Dada wa baba mmoja na mama mmoja hulingana wastani wa robo tatu ya vinasaba, wakati kwetu binadamu ni nusu. Hesabu hiyo haitoshi peke yake, kwa sababu mchwa hawana uzazi wa namna hiyo na bado wana jamii kubwa, tena zenye malkia na mfalme. Lakini undugu ndio msingi, na harufu ndiyo kitambulisho chake. Kuchanganya viota vya koloni mbili kwenye mwembe mmoja ni kuanzisha vita.

Kuhamisha nilifanya kabla ya kupambazuka, wakati wengi wako ndani na wametulia. Unafunika kiota kwa mfuko, unakata tawi kwa mkasi, unafunga mdomo haraka. Mikono na miguu nilipaka jivu. Wanauma, kisha wananyunyiza asidi kwenye jeraha, kwa hiyo usidharau. Mifuko niliining'iniza kwenye matawi ya mwembe na kuifungua.

Asubuhi walikuwa wameshaanza kazi. Vibarua walijipanga kwenye ukingo wa jani, wakauma jani la pili na kulivuta. Pale nafasi ilipokuwa kubwa, mmoja alimshika mwenzake kiunoni, na huyo akashikwa na mwingine, mpaka mnyororo ukafika. Kisha wakatoka wengine wamebeba mabuu mdomoni. Buu ndilo lenye hariri. Kibarua analigusisha jani hili, analipeleka jani lile, analirudisha, na uzi mweupe unabaki. Hariri hiyo buu lingeweza kujifumia kifuko chake, lakini kwa majimoto inatumika kwenye nyumba ya wote. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Chini ya miembe kuna sisimizi wadogo wa kahawia, wale wenye askari wa vichwa vikubwa, na hao ndio adui hasa wa majimoto. Ili majimoto wasilazimike kushuka ardhini, nilifunga kamba za nailoni kutoka mwembe hadi mwembe. Mwanzoni niliwawekea pia maji ya sukari na dagaa kwenye matawi. Mzee mmoja mvuvi aliniuliza, "Mwanangu, dagaa unawapa chungu?" Nikamjibu, "Ndiyo, mzee. Hao ni walinzi wangu." Dagaa ziliingia viotani kipande kwa kipande.

Kasoro ipo. Majimoto hufuga vidugamba, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mti, kwa ajili ya maji matamu wanayotoa, na tawi lenye vidugamba wengi hupata ukungu mweusi. Tawi la namna hiyo nalikata. Naona ni gharama ndogo. Utafiti wa maembe uliofanyika Benin ulionyesha kwamba inzi hukwepa hata matunda yaliyoachiwa harufu ya majimoto, na mimi mwenyewe funza nakutana nao mara chache sana siku hizi.

Jirani mwenye mpera naye sasa anao kwenye miembe yake, aliwahamisha kutoka kwenye mpera ule ule. Tumekubaliana kila msimu kupogoa matawi ya mpakani yasigusane, na kamba zangu zinaishia mwembe mmoja kabla ya ua.