Habari Ambayo Jaja Hakuifunga

Juma lililopita nilimkuta mama yangu ameketi barazani na binti yangu, vichwa vimekaribiana, sauti imeshushwa hadi ikabaki pumzi tu. Waliponiona wakanyamaza. Usiku nilipomuuliza mtoto walikuwa wakizungumza nini na bibi yake, akanijibu, "Mambo ya nyumbani," kisha akajifunika shuka gubigubi. Ana miaka sita. Nililala nikimfikiria Jaja.

Jaja alikuwa mama wa Bibi, na katika vitukuu wake wote ni mimi niliyelala chumbani mwake pale Walukuba, mtaa wa Jinja, Uganda. Kila jioni, akishaswali magharibi, alinisomea habari za ukoo kana kwamba kesho yake ningekwenda kuulizwa: nani ameposwa Iganga, nani amerudishwa kwao na kwa kosa gani, nani anadaiwa mbuzi tangu mazishi ya mwaka juzi. Katikati ya hizo alipenyeza za zamani bila kutoa tahadhari, na mara nyingi sikujua kama marehemu anayetajwa amezikwa wiki hii au kabla mama yangu hajazaliwa. Aliniambia kwamba kabla ya mwaka 1954 mngurumo wa Kiyira, hiyo Nile yetu, ukiporomoka pale Ripon, ulifika hadi kitandani mwao usiku kucha, na kwamba maji ya bwawa yalipoyafunika maporomoko yale alikosa usingizi kwa sababu ya kimya, akamwamsha mumewe na kumwomba aseme lolote lile mradi pawe na sauti.

Kila habari aliifunga kwa namna moja. Alinishika ncha ya sikio, akaivuta kidogo, akasema, "Hii ni yangu na yako." Baada ya hapo hata Mama angenichapa nisingeitoa.

Ramadhani ya mwaka 1987, usiku mmoja wa kumi la mwisho, alikuwa amepakata ungo akichagua mchele wa pilau ya Idi kwa mwanga wa kandili. Alikuwa haoni vizuri tena, kwa hiyo mawe aliyatafuta kwa vidole, akiyasukuma pembeni moja moja huku macho yake yakiutazama mlango. Aliniambia habari tatu au nne nilizokwisha kuzisahau, na kila moja akaifunga sikioni kama kawaida. Kisha akasema, bila kubadilisha sauti, "Babu yako ana kijana Kasese. Ametimiza miaka ishirini." Akapepeta ungo, pumba zikaruka, akaomba maji ya kunywa. Nilisogeza kichwa nishikwe sikio. Hakulishika.

Nieleze tu kwamba Babu alikuwa gadi wa treni katika miaka ya 1960, wakati shaba ya Kilembe iliposafirishwa kutoka Kasese kuja kuyeyushwa Jinja, na kwamba kwa Jaja alikuwa mkwe kwa maana kamili ya neno hilo. Hawakula pamoja wala kutazamana usoni, na walipolazimika kupishana uani mmoja aligeukia ukuta. Jambo lolote lililomhusu Babu, kinywa cha Jaja hakikuwa na ruhusa ya kulitamka mbele ya watu.

Idi iliangukia mwishoni mwa Mei, kama majuma mawili tu baada ya serikali kufuta sufuri mbili kwenye pesa na kukata asilimia 30 juu yake, hata aliyepeleka shilingi 1,000 za zamani akarudi na 7. Wanaume walikula barazani, wanawake chumbani, pazia likiwa katikati. Babu aliita watoto mlangoni kutoa mkono wa Idi, na kwa kuwa pesa zilikuwa chache alizihesabu kwa sauti, akitaja jina la kila mtoto na kumwekea sarafu yake kiganjani. Mimi nilikuwa wa mwisho. Alipofunga kijaluba chake nikamuuliza, kwa nia njema kabisa, "Babu, na yule wa Kasese hukumwekea?"

Bibi alikuwa nyuma yangu na birika la chai. Nakumbuka mvuke ukitoka kwenye mdomo wa birika, ukipanda mbele ya uso wake, na yeye haupishi. Nakumbuka Babu akifungua kijaluba tena, akichungulia ndani kana kwamba jibu limo humo. Nyuma ya pazia sinia lilikuwa limenyamaza, mikono yote imesimama isipokuwa mmoja: Jaja alikuwa anachambua hiliki kwenye pilau, punje baada ya punje, akizipanga ukingoni mwa sinia kwa mstari ulionyooka.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Mama alinifinya paja hadi likavilia damu. Bibi alihamia kwa dada yake Bugembe, akarudi kabla ya mvua za mwisho wa mwaka. Kijana wa Kasese akaja, mrefu, masikio ya Babu matupu, na leo ndiye mjomba tunayempigia simu panapokuwa na msiba, kwa sababu ndiye pekee anayejua makaburi yote yako wapi.

Nilipokuwa sekondari nilimuuliza Jaja kama alikusudia niseme. Akanijibu, "Nilikuwa mzee, mwanangu. Mzee husahau kufunga mlango." Mwanamke huyohuyo alikuwa bado anakumbuka rangi ya gauni alilovaa siku Malkia Elizabeth alipokuja kufungua bwawa. Kuna siku naona kwamba alinitumia kama bahasha, na bado nina uchungu naye kidogo, hasa kwa ajili ya Bibi. Kuna siku nyingine naona kwamba alinipa kazi ambayo hakuna mtu mzima nyumbani angeiweza.

Idi ni wiki ijayo. Nimekwisha kupanga kwamba binti yangu atakula kwenye sinia langu, ubavuni pangu, mahali ambapo mkono wangu unafika mdomoni mwake.