Kanuni za kazi wodini: namna tulivyozifanya zishike, kuanzia kupokezana zamu

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo (RDC), hatuna upungufu wa kanuni za wauguzi. Kila hospitali ina karatasi yake ukutani, Ordre des Infirmiers (baraza la wauguzi) ipo kwa sheria ya 2016, na kila aliyetoka ISTM (chuo cha juu cha ufundi wa tiba) au shule ya A2 (uuguzi wa ngazi ya sekondari) amefanyia mtihani somo la maadili ya kazi. Kazi niliyoikuta nilipopewa wodi ya upasuaji yenye vitanda 24 ilikuwa kuifanya kanuni ifuatwe usiku wa manane, umeme wa SNEL umekatika na muuguzi yuko peke yake. Nilichofanya ni kuipa kila kanuni saa yake, mahali pake na mtu wa kuitilia saini. Isiyoweza kupata hivyo vitatu niliiacha ukutani. Nilianza na kupokezana zamu, kwa sababu karibu mambo yote mengine hupitia hapo.

Zamu ya mchana kwetu ni 7:30 hadi 15:30, na ya usiku hushika kuanzia hapo mpaka 7:30 ya kesho yake. Saa 16 ni nyingi mno kwa mtu mmoja, lakini idadi ya wauguzi ndiyo inayoamua. Saa 7:30 anayeingia awe ameshavaa, ameshanawa mikono na amesimama kwenye kitanda cha kwanza. Kupita getini muda huo ni kuchelewa. Mvua za huku zinajulikana, na mteremko wa Kadutu ukilowa hata pikipiki husita. Kwa hiyo kanuni tuliifunga kwa anayetoka: haondoki mpaka mwenzake asaini. Kuchelewa hakuandikwi kwa maneno ya hasira. Huandikwa “amefika 7:52”, basi. Mwisho wa mwezi dakika zinajijumlisha zenyewe na mazungumzo yanakuwa mafupi.

Tunapokezana mbele ya kitanda, fishi (karatasi ya mgonjwa) ikiwa mkononi. Mgonjwa anataja jina lake mwenyewe. Usimwulize “Wewe ndiye Mama Fulani?”, maana mtu aliyechoka, au ambaye dawa ya usingizi haijamtoka, huitikia ndiyo kwa lolote. Halafu anayetoka anasema: amepasuliwa nini, leo ni siku ya ngapi, presha, mapigo na joto vya mwisho na saa vilipopimwa, maumivu, dreni (mrija wa kutoa majimaji ya kidonda), mkojo, serumu (maji ya mshipani), na kazi iliyobaki. Anayeingia hatumii masikio peke yake. Anafunua shuka, anatazama bandeji, anagusa pembeni mwa kateta (kimrija cha mshipani) kama pamevimba, anasoma mwenyewe mfuko wa dreni na kulinganisha na namba aliyoambiwa.

Serumu ndiyo iliyotupa kazi kubwa zaidi. Tulipiga marufuku maneno “serumu inaenda vizuri”. Lita moja ya saa 8, kwa seti ya matone 20 kwa mililita moja, ni 1000 × 20 ÷ 480, yaani matone kama 42 kwa dakika. Kwenye chupa tunabandika plasta wima na kuchora mistari ya kila saa, mililita 125 kwa 125. Tunaandika juu ya plasta, hatuandiki kwa kalamu ya wino mzito juu ya mfuko wa plastiki wenyewe. Serumu iliyofunguliwa 8:00, ikifika 15:30 inatakiwa ibaki na mililita 60 hivi. Ukikuta 400, kuna sababu: mkono umekunjwa, kateta imeziba, au mlinzi wa mgonjwa (ndugu anayekaa naye wodini) alikaza kibana ili mzee aende msalani kisha akasahau. Kosa linalofuata ndilo baya zaidi: mtu anafungua yote iende mbio ili “ikamate saa”. Mzee mwenye moyo dhaifu anaweza kujaa maji kwenye mapafu. Kwetu hakuna kukimbiza. Unapiga hesabu upya, unaandika, unamjulisha daktari.

Mkojo nao una namba. Mtu mzima wa kilo 60 tunatarajia atoe angalau mililita 30 kwa saa, yaani nusu mililita kwa kila kilo. Chini ya hapo kwa saa kadhaa daktari anaitwa, hata kama mgonjwa anaongea na kucheka. Tatizo ni kwamba walinzi wa wagonjwa, kwa wema wao, humwaga mfuko kabla haujapimwa. Kuwagombeza hakukusaidia. Kilichosaidia ni kikombe cha kupimia chenye namba ya kitanda, na kuwaeleza siku ya kwanza kabisa kwamba mkojo ni habari, haumwagwi bila muuguzi.

Wodi ikijaa, mzunguko huo unachukua kama dakika 40. Watu walilalamika na walikuwa na haki. Tukakubaliana anayesubiri kurudi nyumbani apewe jina na mstari mmoja, na muda uende kwa waliopasuliwa jana na leo na wenye dreni.

Kuna yasiyosemwa kitandani hata kidogo: majibu ya VVU, mimba iliyotoka, na mwanamke aliyefanyiwa ukatili. Katika mji ambao hospitali yake ya Panzi inajulikana dunia nzima kwa kuwatibu wanawake wa namna hiyo, hakuna muuguzi wa kuambiwa uzito wa jambo hili, lakini mazoea ya kusema kwa sauti bado yapo. Wengine hudhani wakihamia Kifaransa wamefunga pazia. Nusu ya walinzi wa wagonjwa wamesoma Kifaransa. Mambo hayo tunayasema chumba cha wauguzi, mlango umefungwa, kwa kuonyeshana fishi, na fishi haibaki juu ya kitanda. Siri ya kazi iko kwenye kanuni ya adhabu ya nchi, kitabu cha pili, kifungu cha 73, si adabu tu. Picha ya kidonda inayotumwa kwa daktari kwa WhatsApp haina uso, haina jina wala namba ya kitanda, na inafutwa kwenye simu ya muuguzi mara daktari akijibu.

Kuandika tulikupa masharti machache. Saa ni ya mtindo wa 24. Biki ya bluu mchana, nyekundu usiku. Blanko ya kufutia haiingii wodini: ukikosea, piga mstari mmoja ili kilichoandikwa kiendelee kusomeka, andika sahihi yake pembeni, tia saini na saa. Dawa huandikwa baada ya kutolewa, papo hapo, kitanda kwa kitanda. Wapo wanaojaza fishi zote mapema ili “kuwahi”. Mgonjwa akitapika au akipelekwa bloki (chumba cha upasuaji) ghafla, karatasi inakuwa imeshasema uongo. Na kisanduku hakiachwi kitupu. Mara nyingi huku dawa haikutolewa kwa sababu familia bado inatafuta pesa. Basi andika hivyo: “haijapatikana, kaka yake ameambiwa 18:10”. Daktari wa asubuhi ataelewa kwa nini joto limepanda, na hatabadilisha antibiotiki ambayo mgonjwa hakuwahi kuipata.

Kabati la morfini lina kufuli mbili na ufunguo unakaa mwilini mwa mkuu wa zamu. Droo, hata ya siri, ni ya kila mtu. Kila zamu ampuli zinahesabiwa na watu wawili, na hapa nilibadilisha jambo dogo lililoleta tofauti kubwa. Zamani rejista ilifunguliwa kwanza, mtu anasoma “zimebaki 9”, anachungulia kabati, anaitikia 9. Sasa rejista inabaki imefungwa. Anayeingia anatoa ampuli, anazipanga mezani, anataja idadi kwa sauti, ndipo rejista inafunguliwa. Zikipishana, hakuna anayekwenda nyumbani na hakuna anayeandika “kosa la hesabu”; tunarudi kwenye fishi za wagonjwa na kwenye kopo la ampuli tupu, kwa sababu ampuli tupu nazo hurudishwa na kuhesabiwa.

Baki ndilo shimo ambalo dawa hupotelea. Ampuli ni ya mg 10 katika mililita 1. Tunaichanganya na mililita 9 za serumu ya chumvi, kila mililita inakuwa na mg 1. Daktari akiagiza mg 5, mgonjwa anapata mililita 5, na 5 nyingine zinamwagwa mbele ya shahidi, saini mbili za saa ile ile. Bomba la sindano likishachanganywa linabandikwa plasta yenye jina la dawa na kipimo, hata kama utalitumia baada ya dakika mbili. Usiku muuguzi akiwa peke yake, shahidi ni daktari wa zamu au muuguzi wa wodi ya jirani, na anakuja kuona. Saini ya kuombwa asubuhi kwa dawa iliyomwagwa usiku hatuipokei.

Potasiamu kloridi haikai na maji ya sindano. Ampuli zote mbili ni za mililita 10, hazina rangi, na kwenye mwanga wa tochi zinafanana kabisa. Ikiingizwa moja kwa moja mshipani inaweza kusimamisha moyo. Inapita ndani ya serumu tu, ikiwa imechanganywa vizuri kwa kugeuza chupa mara kadhaa. Tumeipa sanduku lake, chini ya kufuli.

Maagizo ya simu tunayapokea kwa dharura tu. Muuguzi anaandika huku akisikiliza, anarudia kwa sauti jina la mgonjwa, dawa, kipimo na njia, anangoja daktari aseme ndiyo, kisha anaandika “kwa simu” na saa. Daktari anatia saini kwenye ziara ya asubuhi. Madaktari wachache walinuna mwanzoni. Niliwaomba wakubali kwa sababu hiyo saini inawalinda wao pia, na mkurugenzi wa uuguzi aliniunga mkono, jambo ambalo bila hilo muuguzi asithubutu.

Mavazi sitayarefusha. Kucha fupi, hakuna pete wala saa mkononi, nywele zimefungwa, na blauzi ya kazi haipandi taksi. Alkoholi inasuguliwa sekunde 20 hadi 30 mpaka ikauke, sabuni na maji sekunde 40 hadi 60. Maji ya Regideso yakikatika kuna ndoo ya bomba. Ndoo ya klorini tuliizoea tangu Ebola ya 2018–2020: asilimia 0.05 kwa mikono, 0.5 kwa sakafu na meza, tarehe na saa juu ya ndoo, na baada ya saa 24 inamwagwa. Boksi la sindano linafungwa likifika robo tatu. Anayejichoma anasema hapo hapo, kwa sababu dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze haraka, kabla ya saa 72, na huendelea siku 28. Watu huficha kwa kuogopa kugombezwa, kwa hiyo swali la “ilikuwaje” linaulizwa baada ya kidonge cha kwanza.

Matabishi, yaani bakshishi za wagonjwa, ni suala gumu kuliko yote, na sipendi wanaolizungumza kana kwamba mishahara inafika kila mwezi. Hata hivyo tuliamua muuguzi asishike pesa ya mgonjwa, hata ile ya kumnunulia dawa. Wengi walikosa maneno ya kukataa bila kumwaibisha mtu, basi tulikubaliana sentensi moja (kese ni dirisha la malipo): “Aksanti sana mama, lakini pesa yote inapitia kwa kese, watakupa risiti.” Kikapu cha ndizi au maharage cha mgonjwa anayekwenda nyumbani kinapokelewa mchana, mbele ya watu, na kinagawanywa kwa zamu zote.

Kumkosoa mkubwa wako ni ufundi wa peke yake. Nina wauguzi wa A2 walioanza kazi mimi nikiwa shule ya msingi. Papa (baba, mzee) kama huyo humwambii mbele ya wagonjwa, wala humwambii “umekosea”. Unamkalisha, unaweka fishi mezani, unasema: “Papa, nisaidie kusoma hapa, kisanduku cha 22:00 ni kitupu.” Mara nyingi anakijaza maelezo mwenyewe. Jambo likirudi, linapata barua ya kuomba maelezo, na barua hiyo ni ile ile kwa kijana na kwa mzee, vinginevyo vijana wanaona na wanaacha kufuata.

Kinachobaki kigumu ni Jumapili, mwenzako asipotokea kabisa. Anayetoka hawaachi wagonjwa. Saa 8:00 anampigia anayesubiriwa, 8:15 ananipigia mimi, 8:30 msimamizi wa zamu wa hospitali, na kila simu inaandikwa kwenye daftari pamoja na aliyejibu na alichosema. Mimi nina orodha ya watu wawili wanaokaa karibu, Ibanda, ambao wamekubali kuitwa kwa zamu, na wanarudishiwa saa hizo ndani ya wiki mbili. Zikipita wiki mbili bila kurudishiwa, wanaacha kupokea simu.